Sifa Aliyoiokota Kyejo

Makwale nzima ilimsifu Kisa kwa jambo ambalo, kama lingejulikana lilivyokuwa, lingemfanya afungashe nguo zake arudi kwao Ikolo siku hiyo hiyo. Alisifiwa kanisani, alisifiwa bombani kwenye foleni ya maji, alisifiwa hata na mama mkwe wake, mwanamke aliyegawa sifa kwa mkono wa birika. Kila aliposifiwa aliinamisha uso, na watu wakazidi kumsifu kwa kuinamisha uso. Binadamu ana vituko. Akishaamua kwamba wewe ni mwema, huwezi kumponyoka kirahisi.

Jambo lenyewe lilianzia dukani kwa Samira.

Kisa alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Samira, Kyela mjini. Samira aliuza vitenge na vyombo vya nyumbani. Babu yake alikuja na biashara kutoka Kilwa, akaoa hapo hapo, na mjukuu alirithi duka, ulimi na kutokutulia. Mwaka huo alikuwa ameingiwa na wazimu wa kupanda mlima Kyejo. Aliona kwenye simu picha za watu waliotoka Dar es Salaam wamesimama kileleni mikono juu, roho ikamuuma.

"Shoga, hebu niambie," alimwambia Kisa. "Watu wanapanda ndege kuja kuupanda mlima wetu, sisi tunautazama kila asubuhi kama ukuta wa jirani. Utalii wa ndani huo! Tunakodi Noah, tunakwenda, tunarudi. Na wewe umo, usinitolee macho."

Siku ambazo mawingu yamesogea, Kyejo unaonekana kutoka Kyela, upande wa njia ya Tukuyu. Ni mlima wa moto uliolala. Wazee husema ulitapika moto enzi za babu wa babu zao, kisha ukanyamaza, na mpaka leo mawe yake meusi yamo katikati ya migomba ya watu. Kisa aliutazama maisha yake yote bila kuwaza kwamba juu yake panakanyagika. Samira alipolitamka tu lile neno, alitaka kwenda kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine tangu aolewe.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mume wake, Sylvester, alifanya kazi ya ujenzi wa barabara Sumbawanga, akirudi sikukuu kwa sikukuu. Kisa aliishi Makwale kwa wakwe, na wakwe hao walishika mila ambayo familia nyingi za Wanyakyusa zimeilegeza siku hizi. Mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawasemeshani, hawatazamani. Wakikaribia kugongana njiani, mkamwana anafunika uso na kuingia pembeni, na baba mkwe naye anageuka kumpisha. Hakuna uadui ndani yake. Ni heshima, na inawabana wote wawili.

Baba mkwe huyo, mzee Asajile, alikuwa na kikohozi chake. Kila alipokaribia kona ya nyumba alikohoa kwa nguvu, ili Kisa apate nafasi ya kuingia jikoni. Miaka yote aliyokaa pale, Kisa alimjua mkwewe kwa kikohozi kile, kwa kisogo, na kwa vitu alivyoviacha mlangoni bila neno: samaki waliofungwa kwa jani la mgomba, kuni zilizokwisha kupasuliwa. Alikuwa mtu mwema na Kisa alilijua hilo vizuri.

Aliyekuwa mgumu ni mama Sylvester. Kumwambia mama Sylvester kwamba unakwenda kupanda mlima na wanawake wa mjini, kwa starehe tu, bila msiba wala harusi wala mzigo wa kubeba, ilikuwa kutafuta ugomvi kwa tochi. Basi Kisa akadanganya. Alisema anakwenda Lyulilo, gulioni kule ziwani karibu na Matema, kumchukulia Samira vyungu vya Wakisi kwa ajili ya duka.

"Uniletee na mimi kimoja," mama Sylvester akasema. "Cha mdomo mpana. Na usipewe chenye ufa. Ninyi wa mjini hamjui kugonga chungu mkasikiliza."

"Ndiyo, mama."

Chungu chenyewe Kisa alikwisha kukichagua dukani kwa Samira na kukificha chini ya meza ya cherehani. Alijiona mjanja kweli kweli.

Kitu kimoja hakukijua. Mzee Asajile alikuwa ameondoka siku iliyotangulia kwenda kumwona dada yake mgonjwa, na dada huyo aliolewa ng'ambo ya Kyejo, kwenye miteremko ya juu. Hakuna aliyemwambia Kisa. Nani amwambie? Mkamwana haulizi baba mkwe yuko wapi, na mama Sylvester hakuwa mtu wa kutoa habari ambazo hazijaulizwa. Kwa hiyo siku ya safari, binti aliyeaga kwenda ziwani alikuwa ndani ya Noah inayopanda milima, amevaa jinzi aliyoipunguza kiuno mwenyewe, kanga ameikunja ndani ya mfuko wa mgongoni, anaimba na wenzake.

Barabara iliishia kwenye migomba. Hapo walimkuta mwongozaji wao, Aliko, mkulima wa viazi mwenye ndevu za mvi na maneno machache, akawatazama viatu mmoja mmoja na kutikisa kichwa. Wakaanza kupanda. Walipita mashamba ya viazi, wakaingia msitu mwembamba wenye unyevu, kisha wakatokea kwenye nyasi na magugu marefu yaliyowafika kifuani. Baridi iliwashika watu wa Kyela kama polisi. Samira alijifunga mtandio masikioni akaendelea kulalamika na kucheka kwa pumzi moja. Na Kisa alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi kama mtu aliyetolewa kifungoni. Hakuna aliyemwita mama, mkamwana wala mke wa nani. Alikuwa Kisa, anapanda mlima.

Juu zaidi njia ilikuwa nyembamba. Mkono mmoja mlima, mkono mwingine mteremko wa changarawe nyeusi nyepesi, zile ambazo mlima ulizitema zamani, zikishuka mpaka kwenye korongo. Kisa alibaki nyuma. Viatu alivyoazima kwa Samira vilimchubua kisigino, akakaa kwenye jiwe kuweka kitambaa ndani. Wenzake wakazunguka kona. Aliwasikia wakisalimiana na mtu aliyekuwa akiteremka, "Ugonile", "Ndaga", kisha sauti zao zikapotea kwenye upepo.

Halafu akasikia kikohozi.

Mwili wake ulielewa kabla ya akili. Kikohozi kile angekitambua hata sokoni siku ya gulio. Aliruka kutoka kwenye jiwe akapiga mbizi kwenye magugu ya upande wa juu, akajikunyata, mikono usoni. Kati ya mashina aliona viatu vya mpira vikitokea kwenye kona na kusimama. Mzee Asajile alikuwa anakata njia ya mkato kutoka kwa dada yake. Aliyatazama magugu yanayotikisika, akalitazama jiwe, akautazama mfuko wa mgongoni ulioachwa juu yake, ule ambao kila siku mkamwana wake alitoka nao nyumbani. Akageuka akampa mgongo kama alivyozoea nyumbani, na ili mkamwana apate njia, akatoka njiani kwa upande wa pili, upande wa korongo.

Changarawe zikamkatikia chini ya miguu. Kisa alisikia mawe yakiporomoka, mengi, kisha kishindo, kisha mawe machache yaliyochelewa. Baada ya hapo palikuwa kimya. Halafu sauti ikapanda kutoka chini.

"Kisa!"

Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mtu yule. Baba mkwe hamwiti mkamwana kwa jina.

"Kisa! Kisa, mwanangu! Mguu! Nimevunjika!"

Hapa ndipo pa kusema lililokuwa moyoni mwake, maana huko mbele watu watalisemea wenyewe. Kisa alijiambia kwamba mila hairuhusu. Alijiambia kwamba mkamwana haendi alipo baba mkwe, hamshiki, hamtazami, na kwamba atapita mtu mwingine. Yote hayo aliyasema haraka haraka kichwani kama mtu anayesoma sala asiyoiamini. Mila haikuwa imemshika popote. Mila yenyewe mzee alikwisha kuivunja alipomwita kwa jina. Kilichomshika Kisa ni jinzi aliyokuwa ameivaa, na Lyulilo, na chungu chini ya meza. Akitokea pale, uongo wake wote unatoka naye. Akabaki amechutama, amebana meno, anaomba sauti ile inyamaze. Na ikanyamaza.

Samira alirudi kumtafuta, akamkuta anatambaa kutoka kwenye magugu, ana majani kichwani.

"We mwanamke, una nini? Umeona nyoka?"

"Baba mkwe," Kisa alisema. "Alikuwa anapita. Sisi hatukutani na baba mkwe."

"Yule mzee aliyetusalimia? Ndiye mkweo?" Samira alishika kiuno akacheka, halafu akaacha kucheka, macho yakamjaa heshima. "Mpaka huku juu? Mpaka kwenye baridi hii unatunza adabu? Haki ya Mungu, wangekuwa wa kwetu wangekusomea dua. Amekwenda wapi?"

"Ameshateremka."

Na kweli alikuwa ameteremka. Kisa aliokota mfuko wake, akatangulia mbele, akapanda kwa kasi mpaka Samira akamwomba apunguze.

Kileleni kuna kasoko, lile shimo kubwa ambako moto ulitokea zamani. Sasa limeota nyasi, na kondoo wangeweza kulala humo. Mawingu yalifunguka kidogo, wakaiona Nyasa yote imelala chini yao, na milima ya Livingstone upande wa pili, na Kyela tambarare imefukiwa na joto lake. Wanawake walipiga vigelegele. Walimweka Kisa katikati wakampiga picha mikono juu. Picha ile ipo mpaka leo kwenye simu ya Samira, na katika picha ile Kisa anacheka. Hilo nalo lilimtesa baadaye: kwamba mtu anaweza kuacha mwenzake chini ya mteremko na bado meno yakatoka kwenye picha.

Mawingu yakarudi, safari hii yakiwa meusi. Aliko alinusa hewa.

"Mvua hiyo. Njia tuliyopandia itakuwa matope. Tuteremkie ng'ambo, dereva tutamkuta kwenye barabara ya huko. Ni salama zaidi."

Kila mtu alikubali. Kisa alisimama akitazama njia ya ng'ambo, nzuri, yenye nyasi, inayoshuka pole pole mpaka kwenye moshi wa majiko ya watu. Wakipita huko, hakuna mtu atakayepita pale kwenye kona mpaka kesho, pengine keshokutwa. Alijua hilo. Na kesho hatapatikana mtu wa kuokoa.

Angeweza kusema. Neno moja tu, mbele ya watu wanaompenda. Akafungua mdomo, na mdomo ukatoa uongo mwingine.

"Simu yangu. Nimeiangusha pale nilipojificha."

"Aa, Kisa!" Wenzake walinung'unika wote kwa pamoja.

"Ngoja niipige," Samira akatoa yake. Kisa alibana miguu pamoja, maana simu ilikuwa ndani ya soksi yake. Lakini kule juu hakukuwa na mtandao, Samira akaisonya simu na kuirudisha mfukoni.

"Siwezi kurudi nyumbani bila simu," Kisa akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka ya kweli. "Sylvester ataniua. Nawaombeni. Nawaombeni sana, turudi huko huko."

Kwa machozi yale wakarudi, huku mvua ikianza. Kisa alitangulia mbele ya mwongozaji. Walipofika kwenye kona, Samira aliingia kwenye magugu kutafuta simu kwa moyo wake wote, maskini, akipapasa matope. Aliko hakutafuta. Aliziona changarawe zilizokatika ukingoni, akainama, akatazama chini kwa muda.

"Kuna mtu," akasema.

Walimtoa mzee Asajile kwa kanga zilizofungwa pamoja na kwa mabega ya Aliko. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu na mguu ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Kisa alikuwa amejifunga kanga yake juu ya jinzi, amejifunika uso, amesimama kando. Watu wote waliona mkamwana anayetunza heshima hata kwenye msiba. Walipompitisha mzee, alikuwa na fahamu. Alisema neno kwa Aliko, sauti haisikiki vizuri, Aliko akalirudia kwa wengine.

"Anasema mkamwana wake atangulie mbele. Anasema njia inateleza."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema kukaa muda mrefu na jeraha wazi kwenye mvua na udongo ndiko kulikouharibu. Angefikishwa mapema, pengine ungeungwa. Maneno hayo aliyaleta mama Sylvester kutoka hospitali, akayasema jikoni huku akimenya ndizi, na Kisa aliyekuwa anapuliza moto alipuliza mpaka jivu likamwingia machoni. Alishukuru kwa lile jivu.

Mzee aliporudi, ukoo ulikuja kumpa pole. Alikuja mpaka dada yake wa mlimani, Atupele, ambaye ugonjwa wake ulikuwa umepona kwa hofu. Walikaa ndani. Kisa alikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa matete. Kila neno lilipita.

"Lakini kaka," alisema Atupele, "wale watu walikuwa pale pale. Hukupiga kelele?"

Kisa aliacha kukoroga.

"Sikupata sauti," mzee Asajile akajibu. "Nilianguka nikapoteza fahamu hapo hapo. Ningemwita nani?"

"Na huyu mkamwana wako," mama Sylvester akaingilia, na ukali ulikuwa bado unachemka ndani yake, "mimi aliniaga anakwenda Lyulilo. Chungu ameniletea! Nataka kujua chungu kimetoka Kyejo?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakamgeukia mzee.

"Mimi nilijua anakwenda Kyejo," mzee akasema. "Sylvester aliniomba ruhusa kwa simu, nami nikasahau kukuambia. Kosa ni langu. Muacheni mtoto."

Kisa alikaa chini pale pale kwenye majivu. Mtu alimwita kwa sauti yake yote kutoka shimoni, naye hakwenda. Sasa mtu yule yule alikuwa amekaa kwenye kiti na mguu mmoja, anasema hakuita. Alijua kwa hakika kwamba mzee alijua. Angeelewa kama angemtukana. Angepumua kama angemfukuza.

Kilichofuata ni sifa. Samira alikuja kumwona mgonjwa, na Samira akipewa watu wa kumsikiliza hana breki. Alisimulia jinsi mwenzake alivyopiga mbizi kwenye magugu kwa heshima ya mkwe, na jinsi Mungu alivyoiangusha simu mahali pale pale ili mzee apatikane. Wanawake wa Makwale walishika vifua. Mzee wa kanisa aliitumia habari hiyo kwenye mahubiri kuwasema mabinti wa siku hizi. Mama Sylvester, ambaye hakuwahi kumpa Kisa hata leso, alimpa kitenge kipya, akamwambia, "Nilikukosea, mama. Sikujua nina mkamwana wa namna hii." Kisa alikishona kitenge kile, akakivaa, kikamwasha mwili mzima kana kwamba kimefuliwa kwa pilipili.

Sylvester alipiga simu anacheka.

"Umeniheshimisha, mke wangu. Hata huku Sumbawanga watu wa nyumbani wameshanisimulia. Ila baba, zile dawa za hospitali! Anasema nilimwomba ruhusa yako. Mimi? Sijamwomba chochote. Nimemkubalia tu, mgonjwa habishiwi."

"Sylvester," Kisa alisema, "mimi siku ile..."

"Najua. Uliogopa. Usijali, baba amesema hata angeita, asingesikika kwa ule upepo."

Simu ilikatika au aliikata yeye. Hakuwahi kuwa na uhakika.

Tangu hapo Kisa alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Aliihamisha cherehani kutoka mjini akaileta Makwale, kwa kisingizio cha kumsaidia mama mkwe. Alimpikia mzee laini, alimfulia mashuka, alimtengenezea mto wa kuwekea kile kipande cha mguu, akayafikisha yote kwa mikono ya mama Sylvester, kama mila inavyotaka. Kupitia mikono hiyo hiyo zilirudi shukrani: "Anasema ndaga fijo." Kila ndaga fijo ilimkata. Na kila aliposikia magongo yakigonga sakafu, na kile kikohozi kwenye kona, aliingia jikoni akasimama nyuma ya matete, akawa mkamwana mwema kuliko wote wilayani.

Ukafika msimu wa kakao. Siku moja mama Sylvester alikuwa shambani na vibarua, na uani palikuwa na kakao imeanikwa kwenye majamvi, imekaribia kukauka. Kisa alikuwa jikoni amepakata mboga. Mzee Asajile alikuwa barazani. Mvua ya Kyela haipigi hodi. Wingu lilitoka ziwani likafika juu ya nyumba kabla kuku hawajajua. Kisa alinyanyuka kwenda kuifunika kakao, lakini kikohozi kikasikika uani, nayo miguu yake, ile miguu iliyosifiwa, ikasimama yenyewe. Mzee alikuwa ameamua kwenda kuikusanya yeye.

Alisikia gongo likiteleza kwenye saruji. Akasikia mwili ukianguka.

Alingoja. Kupitia matete alimwona mzee amelala ubavu kwenye jamvi, kati ya punje za kakao, shati limelowa, gongo moja limesukumwa mbali. Aliuona mkono ukilitafuta gongo na kulikosa. Alimwona akijaribu kujiinua kwa kiwiko, akashuka tena, akajaribu. Aliziona punje zikimganda usoni. Kisa alishika ukuta kwa mikono yote miwili akangoja aitwe. Safari hii atakwenda. Alikuwa amekwisha kujiapia mbele ya Mungu, mara nyingi mno, kwamba akiitwa tena atakwenda mbio, hata akiwa uchi. Alihitaji kuitwa tu.

Mzee hakuita. Alianza kujikokota kwa viwiko kuelekea barazani, kimya, meno yamebana, mvua inamwosha. Nyumba nzima ilikuwa na watu wawili, na alijua vizuri nani yuko nyuma ya ukuta.

"Baba," Kisa akasema.

Tangu aolewe hakuwahi kumtolea neno. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia kwa nguvu ili ipite mvua.

"Baba, niite. Niite nije."

Mzee Asajile aliacha kujikokota. Alilaza shavu juu ya mkono kama mtu aliyechoka sana, akiwa amelipa jiko kisogo. Alipojibu hakuwa na ukali. Alisema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu ambacho wote wawili wanakijua.

"Nilishakuita, mama."

Kisa aliusukuma mlango wa matete wa jikoni, akatoka kwenye mvua, uso wazi, kichwa wazi. Alipiga magoti kwenye kakao, akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya baba mkwe wake, akamwinua. Mzee alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa muda, halafu akaufunga mkono wake shingoni kwake, maana hakuwa na pengine pa kushika.